Namba Moja Haipigiwi Kura

Katika likelemba yetu ya matofali, namba moja haipigiwi kura. Wanaojiunga huuliza kwa nini, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika vikaratasi, mimi ndiye ninayeulizwa. Nikiwa na haraka nawaambia ni sheria, basi. Nikiwa na nafasi nawaeleza habari za Mama Eugénie. Ndani ya habari hizo mna aibu yangu pia, na sioni sababu ya kuiruka.

Likelemba ni kuchangiana kwa zamu. Kwetu Bukavu wanawake walichangiana pesa. Mwaka 1999, tulipofika kambi ya Dzaleka tukikimbia vita ya pili ya Kongo, pesa hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni mikono, na udongo mwekundu wa Malawi ambao hakuna aliyetuuzia. Wakimbizi wapya tuliwekwa katika ukumbi mmoja mkubwa wa yale majengo ya zamani yaliyokuwa gereza, familia kwa familia, tukitenganishwa na vitenge vilivyoning'inizwa kwenye kamba. Mtu akipiga chafya huku, kule wanamwombea afya. Kiwanja ulipewa, shitingi ya plastiki ya kuezekea ulipewa, ila kuta ulijijengea mwenyewe. Wenye waume na wana wakubwa walijenga wakaondoka ukumbini. Tukabaki wanawake sita tusio na mwanaume wa kutukandia udongo, tukitazama matofali ya wenzetu yakikauka juani.

Aliyetuinua alikuwa Mama Eugénie. Alikuwa mkulima wa Mboko, upande wa Fizi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye viganja vigumu na sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka shamba moja hadi jingine. Alituita siku moja ya Juni, akasema kidole kimoja hakivunji chawa: tufyatue matofali sote sita kwa ajili ya mmoja, nyumba ya chumba kimoja isimame, kisha twende kwa mwingine. Kila nyumba wiki mbili. Akahesabu kwa vidole, akatuambia kwamba tukianza katikati ya Juni, nyumba ya sita itaezekwa kabla ya katikati ya Septemba, na hapo ndipo mvua itakapoanza. Mvua ikishaanza hakuna tofali bichi litakalosimama.

Hakuna aliyebisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa mjini. Mvua niliijua kwa mwavuli. Wenzangu walikuwa wachuuzi na washonaji. Mama Eugénie alikuwa amelima miaka arobaini, na alizungumza juu ya mvua kama mtu anavyozungumza juu ya shemeji yake, ambaye anajua atakuja lini, atakaa kwa nani, na ataondoka amekasirika au amefurahi. Alisema Septemba, nasi tukasema Septemba. Kwetu Kivu ni Septemba, na nani angefikiri kwamba mawingu nayo yanabadilika ukivuka mpaka?

Nikaandika namba sita kwenye vipande vya daftari, nikavitia katika kilemba chake. Yeye akatoa namba nne. Mimi nikatoa namba sita, ya mwisho kabisa, karibu na mvua. Niliumia, kwa sababu nilikuwa na mama yangu mzazi, mwenye miguu iliyovimba, na sakafu ya ukumbini ilikuwa ya baridi.

Lakini aliyekuwa na sababu kubwa ya kuogopa mvua ni Mama Eugénie mwenyewe. Aliniambia mara moja tu, tukikanda udongo pamoja, na hakurudia tena. Alikuwa ametoka Mboko na wajukuu wawili, Esperance wa miaka mitano na Ambroise wa miaka mitatu. Wazazi wao hakutaka kuwazungumzia. Walivuka ziwa, wakakaa karibu na Kigoma chini ya shitingi iliyotoboka, katika miezi ya mvua. Maji yalikuwa yakijikusanya katikati ya shitingi mpaka inalegea, basi yeye alikaa macho akiisukuma juu kwa mkono wa kulia ili maji yamwagikie nje, yasiwaangukie watoto. Mkono ukichoka alibadilisha, kisha akarudia. Hata hivyo Ambroise alishikwa na kikohozi. Walimzika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo hakutaka kubaki pale. Akamshika Esperance mkono wakafuata njia ya Mbeya na Karonga pamoja nasi. Na Esperance alikuwa ameanza kukohoa.

Kwa hiyo tulifyatua kama watu wanaofukuzwa. Mwezi wa saba ukaja na baridi kali, kisha siku tatu za manyunyu membamba ambayo hayakutaka kuanguka wala kuacha. Tulifunika matofali kwa majani na vitenge vyetu. Mama Eugénie aliangalia juu, akasema mvua imetuma mjumbe, mwaka huu inaweza hata kuwahi. Tukaongeza mwendo. Nyumba ya kwanza ikasimama, ya pili, ya tatu. Namba nne ilikuwa inakaribia, na Esperance alikwisha kuchagua pembe ya kulalia katika nyumba ambayo bado ilikuwa shimo la udongo.

Hapo ndipo Pascaline akafika. Lori lilimshusha mwisho wa Julai, msichana wa Uvira ambaye hakuwa na miaka ishirini, peke yake, tumbo la miezi minane mbele. Yeye na mumewe walipotezana njiani. Ukumbi ulikuwa umejaa tena wageni, akapewa nafasi iliyobaki, mlangoni, pale upepo unapoingilia. Ndoo alikuwa nayo, mkeka hakuwa nao. Tulimpa mkeka. Siku iliyofuata alitufuata kwenye shimo la udongo, akasimama kando, hakuomba kitu. Angeomba tungepata la kujibu.

Hesabu kila mmoja wetu aliifanya kimoyomoyo. Tukimwingiza Pascaline popote, walio nyuma wanasogea, na wa mwisho anaangukia kwenye mvua. Wa mwisho nilikuwa mimi. Niliangalia miguu yangu ndani ya udongo. Nilimfikiria mama. Nilijua la kusema na nikanyamaza. Nasema nilinyamaza, sisemi kwamba sikuwa na maneno.

Mama Eugénie alisugua viganja vyake, vipande vya udongo vikaanguka.

"Huyu mutoto atachukua zamu yangu," akasema. "Mi nitaenda nyuma ya Mwalimu."

Mmoja wetu akamkumbusha kwamba nyuma ya Mwalimu ni mvua.

"Najua. Ni mi niliwaambia."

Akaendelea kukanda. Nilijisikia vizuri, na nikajichukia kwa kujisikia vizuri. Hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja, nami nimeyabeba.

Tukamjengea Pascaline. Aliingia kwenye nyumba yake tarehe kumi na tano Agosti, siku ya Bikira Maria, na baada ya siku tisa akajifungua mtoto wa kike, akamwita Annuarite. Tukamjengea wa tano. Kisha tukajenga yangu. Shitingi yangu ilifungwa mwanzoni mwa wiki ya pili ya Septemba, mama akaingia akiegemea bega langu, akagusa ukuta akashukuru. Sikufurahi kama nilivyotazamia. Kila nikiangalia mlango wangu niliona mlango wa Mama Eugénie, ambao haukuwepo.

Maana siku hiyo hiyo alikusanya vifaa. Aliiosha kalibu ya matofali, akaifuta, akaiweka chini ya mkeka wake ukumbini. Akatuambia tusijisumbue, mvua iko kesho au kesho kutwa, matofali yatayeyuka kabla hayajakauka, na nguvu zetu zitakuwa zimepotea bure. Atajenga mwakani. Esperance aliuliza mwakani ni lini.

Nasi tukakubali. Tulikuwa tumechoka, mikono imepasuka, na kila mmoja alikuwa na paa lake. Penye wengi hapaharibiki neno, husema wahenga. Wahenga hawakutuona sisi.

Karibu na ukumbi kulikuwa na mashamba ya wenyeji. Mama Eugénie alikuwa akikaa mlangoni kila asubuhi, mahali alipokuwa akilala Pascaline, akiyatazama kwa hasira. Mabua ya mahindi ya msimu uliopita yalikuwa bado yamelala. Hakuna tuta lililopandishwa, hakuna jembe lililoonekana.

"Angalia Septemba hii," aliniambia. "Bantu ba hapa ni bavivu. Mvua itabakuta balilala."

Nilicheka naye. Hata mimi niliwaona wavivu, mimi ambaye sijawahi kupanda hata kitunguu.

Wiki iliyofuata nilipata kazi Lilongwe. Mama mmoja wa Kauma, Mai Kachigamba, alikuwa na cherehani mbili barazani kwake na sare za shule za kumaliza, akahitaji mshonaji wa siku chache, nami kushona nilijua tangu kwetu. Nilipanda kabaza, ile baiskeli inayobeba abiria, mpaka barabara kubwa, kisha basi dogo kupitia Lumbadzi mpaka mjini. Nilishona nikiwa na mawazo. Kila baada ya mshono nilichungulia angani, na anga lilikuwa jeupe, kavu, bila hata wingu la kudanganyia mtoto.

Siku ya tatu Mai Kachigamba akaniuliza ninatafuta nini huko juu. Kwa Chichewa changu cha miezi minne, nikisaidiwa na Kiingereza cha shule, nikamwambia ninangoja mvua. Aliacha kukanyaga cherehani. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka, akanieleza polepole kama anayemweleza mgonjwa. Mvua ya Malawi ni mwisho wa Novemba. Ikiwahi sana, katikati ya Novemba. Yale manyunyu ya Julai huitwa chiperoni, ni baridi tu inayotema mate, hayana uhusiano na mvua ya kupandia. Mashamba yanaguswa Oktoba. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, ambako vijana walikuwa wakifyatua matofali, safu kwa safu, bila haraka yoyote, mmoja anapiga mluzi. Akaniuliza kama hao wanaonekana kuogopa maji.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Miezi miwili. Tulikuwa na miezi miwili mizima, na kalibu ilikuwa imelala chini ya mkeka.

Mai Kachigamba aliniachia niondoke kabla ya kazi kwisha, na sare zilizobaki akasema atazimaliza mwenyewe. Nilimwambia zikomo, asante ya kwao, mara nyingi mpaka akanifukuza. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno. Nilipofika nilimkuta Mama Eugénie mlangoni, Esperance amelala mapajani pake, akipumua kwa kile kisauti cha filimbi kifuani. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Alinisikiliza, akatabasamu kwa huruma. Akasema, mwalimu wangu, wewe unajua mvua ya mwavuli. Mkulima hafundishwi mvua na mshonaji.

Nikakasirika. Nimelelewa nisimjibu mtu mzima kwa ukali, na siku ile nilisahau malezi.

"Mama Eugénie, bale bantu ba mashamba habaiko bavivu. Banangojea mvua yabo. Inabakia miezi mbili."

Nilimwona akiyageukia yale mashamba, mabua yale yale aliyoyadharau wiki nzima, na uso wake ukaanza kubadilika. Kukosea juu ya mawingu angeweza kuvumilia. Lakini kumwita mkulima mwenzake mvivu, bila kumuuliza, hilo lilimchoma. Akamlaza Esperance kwenye mkeka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda.

Shambani alikuwepo mama mmoja wa makamo akikusanya mabua. Niliwaona kwa mbali. Mama Eugénie alipiga goti kumsalimu, akachukua bonge la udongo, akalisaga kwa vidole, akaonyesha juu. Yule mama akatikisa kichwa. Akaonyesha mabua, akaonyesha moto, akaonyesha jembe, na baada ya jembe ndipo akanyoosha mkono kwenda juu, akateremsha vidole vikicheza kama matone. Walirudia mara tatu. Mara ya tatu Mama Eugénie mwenyewe ndiye aliyefanya ishara zote, kwa mpangilio ule ule, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni. Yule mama akampigia makofi.

Alirudi akitembea upesi kuliko nilivyowahi kumwona. Aliketi, akacheka, kisha machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, akayafuta kwa kiganja cha udongo mpaka uso ukawa mwekundu.

"Kumbe kila nchi iko na mvua yake," akasema. "Nami nilibatukana bure."

Usilolijua ni usiku wa giza, nami nilikuwa nimekaa gizani pamoja naye, shule yangu yote kichwani. Nilizunguka nyumba tano kuwaita wenzetu, na naapa hakuna aliyesema amechoka. Alasiri ile ile tulikuwa ndani ya shimo. Pascaline alikuja na Annuarite mgongoni, Mama Eugénie akamkataza kukanda, basi akawa anabeba maji, akakatazwa kubeba maji, basi akawa anapanga matofali, na hapo Mama Eugénie akachoka kukataza.

Katikati ya kazi nilimkaribia nikamwambia lile lililokuwa likinitafuna: kwamba siku ya Pascaline nilikuwa na la kusema nikanyamaza. Alikuwa akijaza kalibu, hakuinua kichwa.

"Nilikuona," akasema. "We uko na mama. Jaza hapa pembeni, Mwalimu, hili tofali liko na shimo."

Hivyo tu. Nikajaza pembeni.

Kwa kuwa tulikuwa na muda, tulijenga nyumba yake kwa raha ambayo zile sita hazikuipata. Matofali yalikauka mpaka yakalia ukiyagonga. Kuta tukazisiriba ndani na nje, Esperance akapewa pembe yake na kidirisha chake. Yule mama wa shambani alikuja kuangalia, akazunguka ukuta akiugonga, akarudi kesho yake na mafungu mawili ya nyasi za kuezekea alizokuwa amezihifadhi kabla ya watu kuchoma nyika. Mama Eugénie alizipokea kwa mikono miwili. Oktoba yote alikuwa kwenye shamba la mama yule akimsaidia kupandisha matuta, na mtu akipita mbele yake akasema wenyeji ni wavivu, alipata maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mwaka uliofuata tulipoanza likelemba mpya, nilikata vikaratasi, nikaanza kuandika namba moja. Mama Eugénie akakishika kile kikaratasi, akakiweka mfukoni mwake. Akasema hiki ni cha yule ambaye bado yuko njiani. Tangu hapo hatukukipigia kura tena. Anakaa nacho mpaka afike mtu asiye na mtu.

Lakini nilitaka kusimulia mvua. Ilikuja tarehe ishirini na sita Novemba ya mwaka ule wa kwanza, saa tisa alasiri, baada ya joto la kukausha mate. Hakuna mjumbe aliyetangulia. Ilianguka tu, yote kwa pamoja. Nilimwacha mama yangu mahali pakavu, nikachukua beseni kichwani nikakimbia kwa Mama Eugénie, nikiwaza labda nyasi zimeachia mahali, labda shitingi imefumuka. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa kukavu. Kelele za maji zilikuwa nje, pande zote, na sakafu ilikuwa na vumbi kama kawaida.

Esperance alikuwa ameketi pembeni pake akila kiazi cha kuchoma. Hakuwa anakohoa, kikohozi kilikuwa kimekwisha tangu mwezi wa kumi. Mama Eugénie aliketi kando yake kwenye mkeka, mgongo umenyooka, mkono wa kulia umenyanyuliwa juu ya kichwa cha mtoto, kiganja wazi kuelekea paa. Hakuna alichokuwa anashika. Hakuna kilichovuja. Nadhani mkono ulipanda wenyewe tone la kwanza lilipoanguka, naye hakuwa amejua.

Nilisimama na beseni langu. Esperance ndiye aliyeinua macho, akautazama ule mkono.

"Koko," akamwambia bibi yake, "shusha mukono."

Mama Eugénie aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Akauangalia ukuta, akaliangalia paa. Kisha akaushusha, polepole, akauweka mapajani, na akaniuliza kwa nini nimesimama mlangoni ninalowana, niingie.